Waneandertali Wamo Ndani Yetu Pia

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila ukitulia kidogo hutokea mtu wa kuurusha upya. Unasema Mwafrika ndiye binadamu pekee aliye safi, asilimia mia kwa mia, na kwamba Mzungu, Mwarabu na Mchina wote wamechanganyika na Mneandertali, yule mtu wa mapangoni. Chini yake huwekwa picha ya kiumbe mwenye nyusi nene na mgongo uliopinda, halafu watu wanamwaga vicheko. Kwenye kundi letu la watu tuliosoma pamoja aliurusha rafiki ninayemheshimu sana. Nilipoanza kumjibu niliona jambo lenyewe ni refu kuliko jibu la simu, ndiyo nikakaa kuandika haya.

Naelewa ujumbe huo unatoka wapi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wasomi wa Ulaya waliwapanga binadamu kwenye ngazi: Mzungu juu, Mwafrika chini, na Mneandertali chini kabisa, jirani ya nyani. Mwaka 1856 wachimbaji wa mawe ya chokaa katika bonde la Neander, karibu na Düsseldorf huko Ujerumani, walikuta mifupa pangoni. Johann Carl Fuhlrott, mwalimu wa eneo hilo, ndiye aliyetambua kwamba ile ni mifupa ya mtu wa kale. Mwaka 1864 William King, aliyekuwa akifundisha jiolojia huko Galway, Ireland, akampa mtu huyo jina la Homo neanderthalensis, na akaandika kwamba mawazo yaliyowahi kukaa ndani ya fuvu lile hayakuvuka mawazo ya mnyama. Aliyasema hayo kwa kuangalia mfupa wa kichwa tu. Ngazi hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kutupima sisi. Kwa hiyo mwaka 2010, ilipotangazwa kwamba wenye vinasaba vya Mneandertali ni watu wa nje ya Afrika, wengi waliona mizani imegeuka. Mtu aliyedharauliwa muda wote huo akipewa fimbo, ataishika.

Lakini fimbo hiyo imeoza. Kwanza, habari yenyewe si kweli tena. Pili, inamcheka mtu ambaye hakustahili kuchekwa, na inamcheka kwa kutumia ngazi ile ile ya kina King.

Nianze na huyu anayechekwa. Picha ya mgongo uliopinda ina historia yake. Mwaka 1908, katika kijiji cha La Chapelle-aux-Saints nchini Ufaransa, yalipatikana mabaki ya mzee wa Kineandertali, mifupa yake karibu yote. Marcellin Boule, bingwa wa mifupa ya kale mjini Paris, aliyachambua na kumchora mzee yule akitembea magoti yamekunjwa na shingo imeinamia mbele. Mchoro huo ukasambaa kwenye vitabu na makumbusho. Ilipofika mwaka 1957, William Straus na A. J. E. Cave waliikagua mifupa upya wakaona mzee alikuwa na ugonjwa mkali wa viungo. Mneandertali mzima alisimama wima kama mimi na wewe. Na kuna jambo jingine kwa mzee huyu ambalo kwangu mimi ndilo kubwa: alikuwa amepoteza meno mengi na fizi zilikuwa zimekwishajiziba muda mrefu kabla hajafa.

Mwingine ninayemfikiria mara kwa mara ni yule wa pango la Shanidar, kwenye milima ya Wakurdi kaskazini mwa Iraki. Ralph Solecki na wenzake walimfukua mwaka 1957, na wataalamu humwita Shanidar 1. Alipokuwa bado kijana alipigwa au aliangukiwa na kitu upande wa kushoto wa uso, na huenda jicho la upande huo halikuona tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umedhoofika, na sehemu ya chini ya kiwiko haikuwepo. Alichechemea. Mwaka 2017 Erik Trinkaus na Sébastien Villotte walionyesha pia kwamba mfupa ulikuwa umeota ndani ya matundu ya masikio yake, kiasi kwamba usikivu wake lazima ulipungua sana. Mtu huyu, katika nchi ya simba na fisi, alifika umri wa miaka arobaini na kitu, na vidonda vyake vilikuwa vimepona zamani. Peke yake asingefika. Kulikuwa na watu wake waliomgawia nyama, waliomngojea njiani, waliomwonyesha kwa mkono pale asiposikia. Nikimweka mzee huyu mbele yangu, ile picha ya vicheko inanikera kweli.

Watu wa aina yetu walitokea Afrika. Hilo halina ubishi mkubwa. Waneandertali walikuwa tawi jingine la ukoo huo huo, lililoachana na letu zaidi ya miaka 500,000 iliyopita na kukua Ulaya na Asia ya Magharibi, katika baridi. Mlango wa kukutana ulikuwa Mashariki ya Kati. Kwenye mapango ya Skhul na Qafzeh, katika Israeli ya leo, wamezikwa watu wa aina yetu wa kati ya miaka 90,000 na 120,000 hivi iliyopita. Pango la Kebara, mwendo mfupi kutoka Skhul, lilimhifadhi Mneandertali wa miaka 60,000 iliyopita, ambaye kiungo chake kidogo cha kooni, kile kifupa kinachoshikilia ulimi, kinafanana sana na chetu. Kwa hiyo nchi hiyo ndogo ilipokea wenyeji na wageni kwa zamu, na pengine kwa pamoja, kwa makumi ya maelfu ya miaka. Zana zao za mawe kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho zilichongwa kwa namna moja. Ukipewa jiwe tu, huwezi kusema kwa hakika ni la nani.

Mifupa na mawe vilitosha kuonyesha kwamba walikaa karibu. Kujua kama walizaa pamoja kulihitaji kitu kingine. Svante Pääbo, Mswidi aliyefanya kazi Leipzig, Ujerumani, alianza kutafuta DNA kwenye mifupa ya Waneandertali wakati wengi wakiona ni ndoto. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kipande cha kwanza, kutoka mfupa ule ule wa bonde la Neander. Mei 2010 wakatangaza rasimu ya jenomu nzima, yaani jumla ya vinasaba vyote vya Mneandertali, iliyotolewa zaidi kwenye vipande vitatu vya mifupa kutoka pango la Vindija, Kroatia. Waliilinganisha na jenomu za watu watano walio hai: Mfaransa, Mchina, mtu wa Papua, na wawili wa Afrika, Myoruba na Msan. Wale watatu wa kwanza walikuwa karibu zaidi na Mneandertali kuliko wale wawili, na walikuwa karibu kwa kiwango kinacholingana. Mchina na Mpapua kulingana na Mfaransa maana yake ni kwamba kuchanganyika kulitokea mapema, kabla mababu zao hawajatawanyika. Makadirio ya kwanza yalikuwa asilimia 1 hadi 4. Siku hizi husemwa asilimia 2 hivi. Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2022.

Hapo ndipo ujumbe wa WhatsApp uliposimama, na haukusogea tena. Sayansi ikaendelea.

Mbinu nyingi zilizofuata zilikuwa na dhana iliyojificha ndani yake. Ili kumtafuta Mneandertali kwa Mjerumani au Mjapani, mtafiti alichukua jenomu za Waafrika kama kipimo cha mtu asiye na kitu hicho. Chochote walichoshirikiana Mwafrika na Mneandertali kilihesabiwa ni urithi wa babu wa kale wa wote, kikawekwa kando. Ukishaamua kabla ya kutafuta kwamba Mwafrika hana, huwezi kukipata kwake. Mwaka 2020 kundi la Joshua Akey wa Chuo Kikuu cha Princeton lilitumia mbinu isiyohitaji kipimo hicho. Wakakuta Waafrika wote waliowapima wana vipande vya Kineandertali, kiasi cha asilimia 0.3 ya jenomu. Ni kidogo ukilinganisha na wa Ulaya na Asia, lakini kipo kwa kila mtu. Miongoni mwa waliopimwa walikuwemo Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya, ambao jenomu zao zimo kwenye hifadhi ya kimataifa inayotumiwa na watafiti dunia nzima. Webuye si bandari, wala si mji wa wageni.

Vipande hivyo vimefikaje Webuye? Sehemu yake ililetwa na watu waliorudi. Tumezoea kusimuliwa safari ya kutoka Afrika kana kwamba mlango ulifungwa nyuma ya mtu wa mwisho. Haukufungwa. Luxmanda, kwenye nyanda za juu za Manyara, Tanzania, kulikuwa na makazi ya wafugaji yapata miaka 3,100 iliyopita, na hapo walikuta mabaki ya mtoto mchanga. DNA yake ilisomwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2017: karibu asilimia 38 ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliposhuka kutoka kaskazini mpaka Bonde la Ufa, walishuka na watu, na watu hao walikuwa na mababu waliowahi kukaa na Waneandertali. Leo makabila mengi ya Kenya na Tanzania yana sehemu ya asili hiyo. Anayesema watu wa bara hawakuguswa hajawauliza wafugaji.

Sehemu nyingine inanivutia hata zaidi, maana hapo mtiririko ulikwenda upande wa pili. Vipande vingine tunavyofanana na Mneandertali havikutoka kwake kuja kwetu. Yeye ndiye aliyevipata kwetu. Mwaka 2023 kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichambua jenomu za watu 180 kutoka jamii 12 za Afrika, zikiwemo za Tanzania, na kuonyesha kwamba watu wa aina yetu walitoka Afrika mapema sana, yapata miaka 250,000 iliyopita, wakazaa na Waneandertali, kisha kama kundi wakatoweka. Lakini asilimia 6 hivi ya jenomu ya Mneandertali aliyechunguzwa ilikuwa yao. Na mwaka 2020 watafiti waliosoma kromosomu Y za Waneandertali wa mwisho, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, waliona iko karibu zaidi na yetu kuliko na ile ya Wadenisova, jamii nyingine ya watu wa kale waliokaa Asia, ambao kwa ukoo wao mwingine ndio waliokuwa ndugu zao wa karibu. Ukoo wao wa kiume ulikuwa umebadilishwa na ule uliotoka upande wetu. Mzee wa Shanidar, kwa namna hiyo, huenda alikuwa na babu aliyetokea Afrika.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye watu wawili, kwa sababu asilimia hazimwonyeshi mtu.

Mwaka 2002 wapenzi wa mapango nchini Romania walipita kwenye maji ya chini ya ardhi, wakaibukia ukumbi uliojaa mifupa ya dubu. Juu ya sakafu walikuta taya la mtu. Pango hilo sasa huitwa Peștera cu Oase. Mwenye taya alikuwa wa aina yetu, mwenye kidevu kama chetu, aliyeishi miaka 40,000 hivi iliyopita. DNA yake ilipochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kati ya asilimia 6 na 9 ya Kineandertali, na vipande vyenyewe vilikuwa virefu ajabu. Kwenye kromosomu ya 12 karibu nusu nzima. Urefu huo ndio unaohesabu vizazi. Chukua khanga uichane, uishone na kipande cha khanga nyingine, na kila kizazi kifanye hivyo hivyo: baada ya muda ua la khanga ya kwanza linabaki viraka vidogo vilivyotawanyika. Ukikuta ua bado limekaa zima upana wa kiganja, ujue kuchana hakujaenda mbali. Kwa mtu huyu kulikuwa na vizazi vinne hadi sita tu. Mzazi wa babu wa babu yake, au aliye karibu na hapo, alikuwa Mneandertali kamili. Wengi wetu tunaweza kutaja majina ya mababu mpaka umbali unaokaribia huo. Sioni sababu ya kudhani watu wa Oase walikuwa wamesahau.

Wa pili ni binti. Katika pango la Denisova, milima ya Altai, Siberia, mifupa mingi imevunjikavunjika kwa kutafunwa na fisi hadi huwezi kutofautisha mtu na swala. Samantha Brown na wenzake walipitia zaidi ya vipande 2,000, wakipima kolajeni, protini ya mfupa, ya kila kimoja, kutafuta walau kimoja cha binadamu. Walikipata: cha urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Mwaka 2018 Viviane Slon na timu ya Leipzig walitangaza DNA yake. Mama alikuwa Mneandertali. Baba alikuwa Mdenisova. Binti wa miaka 13 au zaidi, wa miaka 90,000 hivi iliyopita, mtoto wa moja kwa moja wa jamii mbili. Na baba yake naye, ukitazama nyuma zaidi, alikuwa na Mneandertali kwenye ukoo.

Fikiria jinsi mabaki ya watu wa enzi hizo yalivyo machache ambayo DNA yake imesomeka. Miongoni mwa wachache hao kumetokea mtoto wa mchanganyiko wa moja kwa moja, na mzao wa mchanganyiko wa karibu kule Romania, na wengine huko Bacho Kiro, Bulgaria, wa miaka 45,000 hivi iliyopita, ambao nao walikuwa na babu wa Kineandertali vizazi vichache tu nyuma. Jambo la nadra haliangukii mkononi mara zote hizo. Popote walipokutana, walizaa.

Kwa mapenzi au kwa nguvu? Nimeulizwa swali hili kila ninapolizungumza jambo hili, na wengi wanaouliza wanategemea kusikia vita. Mifupa haisemi ndoa zilifungwaje. Kinachoonekana ni kwamba watoto walilelewa. Mtoto wa mchanganyiko aliyefukuzwa au kuuawa asingeacha kizazi, na kizazi kimejaa dunia. Mama wa yule binti wa Denisova, au watu wa mama yake, walimlisha mpaka akafika kuvunja ungo. Utafiti uliotolewa Desemba 2024 uliweka kipindi kikuu cha kuchanganyika kwa mababu wa watu wa nje ya Afrika kati ya miaka 50,500 na 43,500 hivi iliyopita. Ni miaka 7,000 ya ujirani. Ndani ya muda mrefu hivyo lazima kulikuwa na kila kitu: kunyang'anyana mawindo, kuibiana wanawake, kuoana kwa hiari, kuombana moto. Wanaoleta simulizi moja ya ubakaji au moja ya mapenzi wanaipunguza miaka hiyo.

Kutoweka kwao yapata miaka 40,000 iliyopita pia hakuhitaji mauaji ya halaiki. Walikuwa wachache mno. Kundi la Akey lilikadiria mwaka 2024 kwamba Waneandertali wenye kuzaa walikuwa kama 2,400 tu. Kwenye pango la Chagyrskaya, Siberia, DNA iliyotolewa mwaka 2022 ilimwonyesha baba na binti yake kijana, pamoja na ndugu wengine, katika jamii ndogo ambayo wanawake wengi walitoka kwao kwenda kuolewa kwingine. Vijumuiya vya namna hiyo, vya watu kumi au ishirini, vikikatwa na baridi kali au vikipata majirani wapya wanaozidi kuongezeka, havidumu. Mabinti wanaolewa kwa majirani, na watoto wao wanakua wakisema lugha ya huko.

Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hilo haraka kuliko wengine. Upande wa mama yangu wazee walijiita Washirazi, na nilipokuwa shuleni nilifundishwa kuwadharau kwa hilo, kwamba ni maringo ya watu waliotaka kuukwepa Uafrika. Habari za Kilwa zinasimulia Ali bin Hasan aliyekuja kutoka Shiraz. Wasomi wengi walisema ni hadithi tu. Lisemwalo lipo. Mwaka 2023 Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyefukua Mtwapa kwa miaka mingi, pamoja na David Reich wa Harvard na wenzao, walitoa matokeo ya DNA ya watu waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani, Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi, asili ya mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, na kwa mababa kulikuwa na Waajemi, kukiwa na Wahindi kidogo, kuanzia yapata mwaka 1000. Lugha ikabaki ya mama. Na kwa kuwa Mwajemi na Mhindi wote wamebeba urithi wa Mneandertali, urithi huo ulivuka bahari na jahazi za kaskazi ukaingia nyumba za mawe za Mtwapa na Kilwa, juu ya ule uliokwishaletwa bara na wafugaji miaka elfu mbili kabla.

Kuna sababu ya kuyajali haya hata kwa asiyependa historia. Wakati wa korona, mwaka 2020, Hugo Zeberg na Pääbo walionyesha kwamba kipande kimoja kwenye kromosomu ya 3, kilichorithiwa kwa Mneandertali, kinamwongezea mtu hatari ya kuugua vibaya. Asia ya Kusini karibu nusu ya watu wanacho. Ulaya asilimia 16 hivi. Afrika karibu hakipo. Kipande kingine, kwenye kromosomu ya 12, kinafanya kinyume chake: kinapunguza hatari hiyo kwa asilimia 22 hivi. Sasa angalia wastani wa "Afrika" katika hesabu hizo, halafu angalia foleni ya hospitali yoyote ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja. Kuna wenye bibi wa Kigujarati, kuna wenye babu wa Hadhramaut, kuna Wasandawe na Wadigo na Wairaqw. Jenomu nyingi zinazotumiwa kutengeneza dawa na vipimo ni za watu wa Ulaya, na Mwafrika akiingizwa huingizwa kwa safu moja, kama vile sote tulizaliwa na mama mmoja jana. Ujumbe wa damu safi unawasaidia wanaotuweka kwenye safu hiyo moja. Ningependa vijana wetu wanaosoma biolojia Nairobi, Makerere na Muhimbili wapewe maabara za kuzisoma jenomu hizi hapa hapa, waanze na watu wa foleni ile, na vipande vya Mneandertali wavitafute bila kuamua kwanza kwamba havipo.